Mwenye Mbwa

Mvumi, 9 Julai 1912

Kwa mdogo wangu Filipo, huko Tabora kwa watu wa reli.

Mbukwa. Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa niaba ya wote waliobaki katika nyumba hii ya baba yetu, ingawa tuliobaki ni mimi na ng'ombe. Mimi ni mzima. Goti linanisumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Uwele tumevuna wa kutosha, karanga kidogo. Ng'ombe mwekundu wa marehemu mama amezaa ndama jike, mweupe kifuani. Paa la chumba cha magharibi ulilosema utalitengeneza ulipokuja mwaka jana bado linakungoja, na sasa hata kuku wanaliogopa. Watu wanakuuliza sana. Nawaambia Filipo amekuwa mkubwa, anavaa viatu hata siku za kazi. Wanacheka, lakini wanapenda kusikia.

Barua hii anaichukua Zaidi, yule Mrangi wa Kondoa anayenunua samli huku kwetu. Ataitia posta akifika Dodoma.

Sasa nikuambie lililonikalisha niandike. Nimelizunguka tangu juu ya karatasi, na karatasi yenyewe si kubwa. Yule mbwa uliyetuletea amemuuma mtoto wa Matonya.

Ni Sechelela, yule mdogo, aliyekubebea kofia ulipokuja akakataa kuirudisha mpaka jioni. Walikuwa wanamwoza dada yake. Unajua nyumba ya Matonya hawajaingia kanisani, na siku ya harusi walikuwa wamejipaka wote upya, udongo mwekundu na samli, kuanzia wazee hadi watoto wa mgongoni. Mama yake akamtuma aniletee bakuli la nyama, kwa kuwa mimi ni jirani na sikuweza kwenda kwenye ngoma. Nami nilikuwa kanisani. Mnyororo ulikatika. Mbwa akamkuta kwenye mlango wa zizi, akamshika mkono karibu na kiwiko, kisha shavu. Matonya ndiye aliyekuja kuwaachanisha, kwa gogo la mlangoni. Kwenye nyumba ya dawa ya misheni wamemshona. Yu hai, lakini haongei na mtu, na mkono ameukunja hivi hivi, haunyoki.

Filipo, naona aibu kupita nje. Wewe ulimwita Hekta, huku watu walimwita Mdachi, na mimi nilimjivunia kuliko ninavyojivunia ubatizo wangu. Unakumbuka tabia yake. Mtu wa kanisa akipita, mwenye kanzu au kaniki safi, hata kichwa hainui. Akipita mtu wa udongo mwekundu, anabweka mpaka povu linamtoka. Tulikuwa tunacheka. Mwalimu Bartolomayo alisema darasani kwamba hata mbwa analijua kundi la Mungu, na wanafunzi walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, na mama yake Sechelela alikuwa anapita barabarani akiwa na mtungi na alisikia. Alitabasamu tu, akaendelea na safari yake.

Njoo, au utume neno. Wewe ndiye uliyemleta.

Dada yako, Dorkasi


Tabora, 4 Agosti 1912

Dada yangu Dorkasi, shikamoo.

Barua yako nimeipata ikiwa imekunjamana na inanuka samli, nikajua imepita kwa Zaidi. Namshukuru Mungu kwa afya yako. Hilo goti lichue kwa mafuta ya mbarika, usiende nalo mtoni asubuhi. Mimi sijambo. Tabora ni mji mkubwa, una maembe na Waarabu na kelele. Gari moshi sasa linafika mpaka hapa, na watu wanakuja kutoka mbali ili wasimame tu walitazame. Bwana wangu, yule Bwana Miwani uliyemwona Dodoma, ameongezewa kazi. Anasimamia vibarua wa tuta linaloelekea ziwani, nami ndiye mkubwa wa mbwa wake wote. Nina vijana wawili chini yangu.

Habari ya mtoto imenisikitisha. Lakini dada, jambo kama hili lazima liulizwe vizuri. Mtoto alimfanya nini? Mbwa wa aina ile haumi bure. Mama yake alitoka Ulaya kwa meli na ana karatasi yake, imeandikwa baba na babu, wengi wetu hatuna karatasi ya namna hiyo. Si hawa koko wa kwetu wanaolala jivuni na kutafuna ngozi za kulalia za watu. Ni mbwa wenye akili na utii kuliko askari. Huenda mtoto alikimbia. Huenda alimrushia kitu. Bakuli lilikuwa na nyama, nawe umesema mwenyewe.

Na mnyororo niliouacha ulikuwa wa reli. Mnyororo ule haukatiki.

Hata hivyo mimi si mtu wa kubishana na dada yangu. Nimekutumia kitambaa cha maua kwa ajili ya mtoto. Mpe Matonya pole yangu, usiseme mengi. Ukweli ni kwamba mbwa yule si wangu hasa. Ni wa Bwana Miwani, mimi nilimwomba tu akanipa, kwa kuwa alikuwa amezidi. Mtu akitaka kushitaki aende akamshitaki Bwana Miwani, tuone atafika wapi.

Salimia Bartolomayo na wote wa kanisani.

Mdogo wako, Filipo


Mvumi, 28 Agosti 1912

Kwa mdogo wangu Filipo.

Mbukwa. Mimi ni mzima, mafuta ya mbarika yamesaidia. Upepo wa mwezi huu ni wa vumbi tupu, tunakula mlenda wenye mchanga. Mke wa Bartolomayo, Loisi, amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la Yotham. Visima vya mchangani kule mtoni vimeanza kushuka, tunachimba mpaka kiunoni.

Kitambaa kimefika. Mama yake Sechelela alikipokea kwa mikono miwili, akakitundika ukutani. Mtoto hajakigusa.

Nisikilize sasa nikueleze aibu yangu, maana yako nimekwisha kuisoma. Matonya alisikia barua imekuja. Akaja na mke wake na ndugu zake, wakakaa kwenye kivuli cha tembe, akasema nisome. Nikafungua. Niliyaona maneno yako, Filipo, kuhusu bakuli la nyama, kuhusu koko wa kwetu, kuhusu karatasi ya babu yake mbwa. Wale watu walikuwa wamenikazia macho, na mtoto amekaa katikati yao mkono umekunjwa. Nikashindwa. Nikasoma yasiyoandikwa. Nikasema Filipo analia, Filipo anasema mbwa ni wake na kosa ni lake, atakuja kabla ya mvua kuosha jeraha.

Matonya akasema, "Kijana amesema vizuri." Kesho yake walinitumia kibuyu cha maziwa. Niliyanywa nikiona haya hata mbele ya kibuyu.

Umekaa na Wazungu muda mrefu, kwa hiyo nakukumbusha kama mtoto. Mbwa akimwumiza mtu, mwenye mbwa huja mwenyewe. Huchota maji kwa mkono wake, huosha jeraha la mtu yule mbele ya watu wake, hata kama limekwisha kufunga, na huchinja kondoo, wanakula pamoja. Hakuna awezaye kumfanyia. Niliomba mimi niende badala yako. Matonya alinijibu kwa upole kwamba mimi nilimlisha mbwa, sikumlea. Na hataki mbwa auawe. Ndugu zake walikuja na mikuki, akawazuia. Alisema mbwa akifa kabla mwenyewe hajasimama hapa, mtoto atabaki na jeraha lisilo na mtu.

Mpaka siku hiyo ya kuosha hatuazimani moto wala hatuchungi pamoja. Ng'ombe zangu wamenirudishia mlangoni, bila ugomvi, wakiwa wameshiba. Sasa nachunga mwenyewe, na goti hili. Siku moja nimekutana na Matonya malishoni, tumepita kila mtu upande wake kama watu wasiojuana, na mtu huyu ndiye aliyemzika baba yetu pamoja nasi.

Kuhusu mnyororo, tuliache hilo kwanza.

Njoo Filipo. Nimekwisha kukuahidi.

Dada yako, Dorkasi


Tabora, 6 Oktoba 1912

Dada Dorkasi, shikamoo.

Usinione nimechelewa. Kazi imekuwa nyingi na homa ilinilaza. Nimefurahi kusikia habari za Loisi na mtoto wake. Hapa joto ni kali, maembe yanaanza kuiva, nimekula mpaka tumbo limekataa.

Dada, umeniweka pabaya. Kwa nini uniahidi bila kuniuliza? Ruhusa haipo. Mawingu yakishaanza kuonekana, vibarua wanataka kurudi kwao kulima, wanatoroka kila siku, na Bwana Miwani hawezi kukaa bila mimi na mbwa wakati huu. Nikiondoka sasa, nimeondoka kabisa, na kazi hii watu wanaililia. Mwakani labda, mwezi wa Mei au Juni.

Isitoshe tufikiri kama watu waliosoma. Mbwa amekula kwako mwaka mzima, amelala kwako, analinda ng'ombe zako. Kwa desturi hizo hizo za wazee, mnyama aliyelelewa katika nyumba ni wa nyumba ile. Kwa hiyo mwenye mbwa ni wewe, wala sisemi kwa ubaya. Wakikataa wewe uoshe, basi wanatafuta jambo. Na mbwa mpige risasi. Mwombe Bwana Kasisi bunduki, Matonya hana amri juu ya mbwa wa mtu.

Nawe uwaelimishe. Mbwa wa kabila hili hawapatani na watu waliojipaka udongo mwekundu na samli. Harufu ile inawatia wazimu. Ndivyo walivyo, ni asili ya kabila lao, hakuna mtu wa kulaumiwa, kama vile huwezi kulaumu nyoka. Watu wa Matonya wangeacha kujipaka, wakaoga kwa sabuni kama sisi, yote haya yasingetokea. Mwambie hivyo kwa adabu.

Sijisikii vizuri bado. Nitaishia hapa.

Mdogo wako, Filipo


Mvumi, 27 Oktoba 1912

Filipo.

Sikuanza kwa mbukwa. Utaona sababu.

Barua yako haikupita mikononi mwangu kwanza. Matonya si mjinga. Sijui uso wangu ulimwambia nini mara ile. Safari hii alipokutana na mtu wa Zaidi njiani aliichukua mwenyewe, akaja nayo ikiwa imefungwa, na Bartolomayo nyuma yake. Akaniambia, "Mama, macho yako yapumzike leo. Mwalimu atasoma." Wakakaa. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana mjomba wake Sechelela alikuwa amekuja kutoka Nkuhungu kumwona mtoto.

Bartolomayo alisoma yote. Alijaribu kuyaruka maneno ya sabuni, Matonya akamwambia arudie. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba mara ya kwanza niliwadanganya. Nilitamani ardhi inifunike. Hakuna aliyenitukana. Mama yake Sechelela aliinama akawa anachora chini kwa kijiti.

Kisha Matonya akauliza swali moja, na tangu siku ile sijalala vizuri. Aliuliza hivi: "Mbwa huyu alizaliwa kwa Mzungu, akanyonya kwa Mzungu. Harufu ya udongo mwekundu aliipatia wapi? Nani alimwonyesha mtu aliyejipaka, akamwambia huyu ndiye wa kushika?"

Bartolomayo alianza kusema asili, kabila. Ndipo yule mjomba akainua nguo yake. Nyama ya nyuma ya mguu haipo, pana shimo, ngozi imeota juu yake nyembamba. Alisema alikuwa kibarua wa tuta pale Dodoma mwaka reli ilipofika. Mvua ziliponyesha alitoroka na wenzake ili wakalime, wakajificha vichakani upande wa Miyuji. Mtunza mbwa hakuja kwa kelele. Alikuja polepole, akiwa na mbwa wamefungwa midomo, na alipofika karibu akaita kwa sauti ya kawaida, kama mpita njia, "Mbukwa." Nao wakaitika. Yule mtu alisema, "Tuliitika. Mtu akikusalimu utafanyaje?" Kisha akasema kwamba mtunza mbwa alikuwa kijana wa kwetu. Jina hakulitaja. Aliniangalia mimi, akaishusha nguo yake.

Sikutaka kuamini. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni kabla meno yake hayajaota, najua hata alivyokuwa akiogopa mbuzi. Basi nikaenda kwa mama yake Sechelela, nikamwomba udongo mwekundu na samli. Hakuniuliza wa nini. Alinipa, akageuka akaendelea na kazi. Tangu ubatizo sikuwa nimeugusa. Nilijipaka mikono, uso, shingo, nikajifunga kaniki ya zamani ya mama, nikachukua chakula cha mbwa katika chungu chake kile kile, nikaenda zizini alikofungwa, nikimwita jina lake njia nzima kwa sauti anayoijua kila siku.

Filipo, hakunijua. Mkono unaomlisha hakuujua, sauti yangu hakuisikia. Alinirukia kimya, hakubweka, mnyororo ukamrudisha chini, akaruka tena. Hakutazama chakula. Nilikiacha chungu pale pale vumbini. Nikaenda kuoga, nikarudi na kanzu yangu ya kanisani, naye akanilamba vidole na kutikisa mkia. Nililia sana. Nilimlilia hata yeye, kwa kuwa mnyama huyu hana ubaya wake mwenyewe, ana mafundisho tu.

Watu waliniona. Wazee wa kanisa wameniita, wanasema Dorkasi amerudia udongo mwekundu, na wamenizuia nisishiriki Meza ya Bwana mpaka Pasaka. Sikujitetea. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa napima kazi ya mdogo wangu?

Nami sina mikono safi. Mnyororo haukukatika. Nilimwacha wazi nilipokwenda kanisani. Nilijua watu wa harusi watapita, na nilitaka wabwekewe kidogo, tupate la kuchekea jioni. Hilo nimekwenda kumwambia Matonya kwa mdomo wangu, mbele ya mtoto. Alinisikiliza. Alisema langu amelisikia, na linalobaki si langu.

Mimi sikuulizi kitu tena. Unajua ninachojua.

Dorkasi


Mvumi, 1 Desemba 1912

Kwa Filipo.

Tabora ni mbali, lakini gari moshi linafika Dodoma, na wewe hujajibu. Wengine waliokuja kutoka huko wanasema u mzima na wamekuona sokoni.

Mvua ya kwanza imenyesha. Nimelima kipande cha mbele tu. Asubuhi moja nimekuta kipande cha pili kimelimwa, na nyayo zimeelekea kwa Matonya. Sikwenda kushukuru, sijui ningeshukuru kwa uso gani.

Mbwa amekufa. Kupe walimwingia, fizi zikawa nyeupe, akaacha kula, kama wanavyokufa mbwa wengi wa Wazungu wakifika huku. Nilimpelekea Matonya habari. Alikuja akamtazama, akanisaidia kumvuta mpaka kwenye shimo. Tulipomaliza kufukia aliniambia hivi: "Basi. Mwandikie kijana asihangaike. Neno limelala." Ng'ombe zangu amezichukua jioni ile ile, zinachungwa na zake kama zamani. Alivyosema, hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kungoja mgeni, akaamua kula.

Mkono wa Sechelela unanyoka nusu. Amejifunza kutwanga kwa mkono wa kushoto.

Nimekuandikia ili ujue. Hakuna mbwa tena, hakuna anayekuita, hakuna atakayekudai kitu ukija Juni na viatu vyako. Watakusalimu. Unaweza kukaa huko huko kwa amani.

Dada yako, Dorkasi


Dodoma, 20 Desemba 1912

Dada yangu Dorkasi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu nyuma ya stesheni. Nimeshuka jana. Mvua imeharibu njia ya Mvumi, wanasema mto umejaa na hauvukiki, ndiyo maana natanguliza barua hii kwa mtu anayejua kivuko cha juu. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo.

Barua yako ya Oktoba niliipata. Niliisoma mara moja tu, nikaiweka ndani ya shati, na nikawa namwambia kila mtu kwamba kwetu wote ni wazima. Kila siku nilisema kesho nitajibu. Nilianza kuandika kwamba niliamriwa, na ni kweli niliamriwa. Lakini Bwana Miwani aliamuru tu mbwa wajue kukamata watoro. Hakujua lolote juu ya udongo mwekundu. Hajui hata kutofautisha Mgogo na Msukuma. Aliyechukua nguo ya kwetu, akaipaka udongo na samli, akaijaza majani, akaifunga nyama ndani yake, akawanyima mbwa chakula mpaka waipasue, ni mimi. Na ile salamu pia niliizua mimi. Alinisifu sana kwa hiyo. Alinipa viatu.

Kisha ikaja barua ya pili. Niliposoma kwamba mbwa amekufa, nilishukuru Mungu. Nilisema kwa sauti, "Asante." Kijana mmoja wangu aliuliza nimepata habari gani njema. Dada, sijawahi kuona aibu kama ile, hata uliponikuta nimeiba maziwa ya mgonjwa. Nilikuwa nafurahi kwamba mtoto atabaki na jeraha lisilo na mtu.

Wiki ile walitoroka watu kumi na kitu. Bwana Miwani alinituma. Nilikwenda na mbwa mpaka porini, nikasimama, na ile salamu sikuiita. Nilirudi na mbwa, nikamkabidhi minyororo yote, nikamwambia naenda kwetu. Alinipiga fimbo ya uso, akasema nisirudi. Sirudi.

Sasa naomba neno moja. Barua hii usimsomee Matonya, wala usimpe Bartolomayo aisome. Usiseme hata kwamba nakuja, asije akanitengenezea chakula au akanikataza kwa upole wake ule. Yaliyomo humu nitayasema mwenyewe, kwa Kigogo, nikiwa nimesimama. Kondoo nitanunua njiani. Maji nitachota mtoni kwa mkono wangu. Jeraha najua limefunga. Mtoto akikataa nisimguse, nitakaa nje mpaka atakapotaka, na asipotaka nitajua.

Mwambie tu mwenye mbwa yupo. Hapana, hata hilo usimwambie. Acha nilifikishe mimi.

Lipo jingine, nalo ni zito kuliko yote. Hukuniandikia jina la mjomba wake Sechelela, yule wa Nkuhungu. Labda ulinihurumia. Naye mbele ya watu hakulitaja langu. Ni Chiwanga, dada. Tulichunga pamoja misimu mitatu, alinitoa mwiba jichoni kwa ulimi wake. Siku ile vichakani, alipoitikia salamu, niliijua sauti yake kabla sijamwona. Niliijua, na nikamfungua mbwa.

Nitapita kwake kwanza.

Mdogo wako, Filipo